Masika ya Diodi Nne

6 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi na mimi nimeanza kuandika. Mvua imenitangulia kidogo tu, isijione.

Daftari nimepewa na binamu yangu, binti wa Mjomba, yule anayechapa barua za watu kwenye duka la fotokopi. Alilipiga mezani kwangu akasema, "Kila ukiunguza kitu, andika umekiunguzaje. Usije ukakiunguza vilevile mara ya pili." Nikamjibu kwamba fundi wa kiwango changu haunguzi vitu ovyo. Aliitazama tu nyusi yangu ya kushoto, ambayo bado inaota.

Basi ajulikane anayeandika: mimi ndiye fundi wa redio na deki wa mtaa huu. Shule na mimi tuliachana mapema, kwa maelewano mazuri. Meza yangu iko ndani ya karakana ya Mjomba, upande wa dirishani. Upande wa ukutani ni wake. Mjomba, kaka yake mama, hutengeneza vibao vya kusomea: vipande vya mbao, kila kimoja upana wa kiberiti, herufi moja na mnyama mmoja. K na kobe, S na sungura, T na tembo. Anachoma kwa waya wa moto, bila rula, bila penseli. Watoto wa chekechea huifuata herufi kwa kidole mpaka kidole kizoee, ndipo wanapewa kalamu. Hata mimi niliingia shule kwa mlango huo. Kutoka ndiko nilikotoka kivyangu.

Siku hizi mkono wake wa kulia unatetemeka. Humu ndani hakuna anayelitaja jambo hilo.

7 Machi

Mvua. Nimetengeneza deki moja na redio ya jirani. Sifa nyingi, zote nimejipa mwenyewe.

9 Machi

Leo amekuja Mwalimu wa chekechea na mfuko wa vibao vya zamani. Vimelambwa, vimeng'atwa, kobe hana kichwa, sungura hana masikio. Anataka seti mpya kabla shule haijafunguliwa, mvua zikiisha.

"Nilijaribu za plastiki, Mzee," alisema. "Kidole kinateleza tu. Zako zina mfereji. Mtoto akiweka kidole, herufi yenyewe inampeleka."

Mjomba alichukua kibao kitupu, akawasha waya, akaanza S. Alipomaliza tukaona nyungunyungu aliyekanyagwa. Akauzima waya, akaupuliza kama mtu anayezima mshumaa.

"Mwalimu, kazitafute hizo za plastiki."

Alipoondoka, Mjomba akasema akiwa ametupa mgongo, "Barabara zikikauka, Dada Mkubwa atakuja na gari kunichukua. Nimeshamwambia. Nitakaa kwake, nifuge kuku."

"Na karakana?" Binamu, mdogo wake Dada Mkubwa, akauliza.

"Itafungwa. Karakana bila mkono ni ghala."

Nikasema, "Wewe na kuku, Mjomba? Watahama wao!" Hakuna aliyecheka. Mzaha wangu ulianguka kifudifudi, na mimi sijazoea. Binamu alikuwa anafuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa.

Kuanzia leo mimi ndiye mtu pekee mtaani anayeombea mvua isikatike.

11 Machi

Nimepata wazo. Siyo dogo, kwa hiyo nimekaa chini kwanza.

Zile deki za kompyuta, zinazoandika dividii: zinaandika kwa nini? Kwa mwanga. Ndani yake mna diodi ya leza, kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, kinachotoa mwale mwekundu mwembamba. Ukiukusanya mwale kwa lenzi na kuuelekeza kwenye mbao, unaunguza. Nimeona kwenye simu, mtu kachora ua juu ya ubao kwa mashine aliyoitengeneza sebuleni kwake. Reli na mota za deki mbili zinaipeleka leza kushoto, kulia, mbele, nyuma. Eneo inalofikia ni dogo mno, upana wa kiberiti hivi.

Upana wa kiberiti! Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Nimemwambia Mjomba. Kasema, "Mashine haina mkono." Nikamwambia ndiyo maana haitetemeki. Nilipoyasikia maneno hayo yakinitoka nilitamani kuyafukuza niyarudishe mdomoni. Binamu alinikanyaga mguu, kwa kisigino.

14 Machi

Mzee wa vyuma chakavu amenipa rundo la deki zilizokufa, kwa kuwa niliifufua redio yake. Nyingi zilikuwa zimeliwa na kutu. Nimepata diodi nne nzima. Nimezilaza kwenye kopo lenye karatasi ya fedha, ubavu kwa ubavu, kama watoto wa mfalme.

Binamu amekuja na miwani ya kinga, ya kijani, minne. Sijui kaitoa wapi, yeye ana watu wake. Kasema, "Mwale huu ukikuingia jichoni, hata kwa kugonga kijiko na kurudi, jicho ndiyo basi. Husikii maumivu, unasikia giza. Hakuna miwani, hakuna umeme."

"Sawa, Bi Mkubwa."

"Na utaifunika mashine kwa boksi."

"Sawa, Bi Mkubwa Sana."

Amefunga swichi ya umeme kwa kufuli ya baiskeli. Ufunguo anatembea nao shingoni. Huyu dada angezaliwa askari, wezi wangejifunza ufugaji wa nyuki.

16 Machi

Kazi ya leo inastahili kurasa, maana ni msiba.

Kwanza nieleze, ili nikisoma mwakani nisijifanye sikujua. Diodi siyo balbu. Balbu ukiipa umeme, inakunywa kadiri yake, inashiba, inatulia. Diodi haijui kushiba. Inakunywa, inapata joto, na ikipata joto inazidi kunywa, mpaka inafia na glasi mkononi. Kwa hiyo haipewi umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Inawekewa mlinzi, sakiti ndogo inayopima mkondo na kusema: hapa, basi. Nimemtengeneza huyo mlinzi mwenyewe, kwa rizista, kapasita inayotunza umeme, na kile kidude chenye miguu mitatu. Kazi safi. Lehemu inang'aa kama meno ya mchumba.

Fundi mwenye akili haanzi na diodi ya kweli. Anaunganisha kwanza mgonjwa wa uongo, msururu wa diodi za kawaida, anapima. Nikapima. Mkondo ulikuwa sawasawa. Nikamwita Mjomba aje aone, nikamwita Binamu, nikaita hata fundi viatu wa mlango wa pili. Nikamchomoa mgonjwa wa uongo, nikaweka diodi ya kweli.

Iliwaka mara moja. Kufumba na kufumbua ikabaki na wekundu hafifu, kama sigara ya mtu aliyesahau kuivuta. Haikuunguza hata karatasi.

"Ndiyo hiyo?" akauliza fundi viatu.

Kumbe nilipomchomoa yule wa uongo sikuzima umeme. Mlinzi akakuta hana wa kumpimia, akaijaza kapasita mpaka shingoni. Nilipogusisha diodi ya kweli, ule umeme wote uliokuwa unasubiri ulimiminika juu yake kabla mlinzi hajageuka. Leza imekufa, imebaki taa.

Binamu alisoma hapa juu ya bega langu, akasema, "Umemkaribisha mgeni, ukamfungulia bwawa." Nimemwambia asisome daftari la mtu. Akasema karatasi ni zake.

Zimebaki tatu.

17 Machi

Mvua kubwa. Asante.

22 Machi

Nimevaa sweta la nailoni, nimejikuna kichwa, nimeishika diodi ya pili. Chembe ya umeme imetoka kidoleni, nimeisikia. Zimebaki mbili. Sweta limekuwa tambara la kupigia deki.

28 Machi

Umeme wa ukutani hautabiriki na mvua hizi, unakatika ukirudi unarudi na hasira. Binamu akasema mashine isile huko kabisa. Ofisini kwao kulikuwa na betri la kompyuta lililotupwa. Nimelipasua taratibu, nikapata seli mbili zenye uhai, nikazipanga, nikamweka mlinzi wangu mbele yake. Safari hii naunganisha diodi kwanza, nahakikisha kapasita imekauka, ndipo nawasha. Nimevaa shati la pamba, waya wa shaba kwenye kifundo cha mkono umefungwa kwenye bomba la maji, umeme wa mwilini upite huko. Binamu ananiita mbuzi wa kafara.

Kufuli imehamia kwenye swichi ya betri. Tulivaa miwani wote. Akafungua kufuli. Nikawasha.

Kwenye kipande cha karatasi nyeusi niliona moshi mwembamba ukipanda, wima, kama uzi unaovutwa na mtu juu ya dari. Nimetengeneza redio nyingi maishani, lakini redio inasema maneno ya wengine. Hiki kimoshi kilikuwa changu.

Mjomba alikuwa amegeukia ukuta wake. Alivuta pua. "Karatasi," akasema. Kisha baada ya muda, "Moto wenyewe mwembamba, sikukatalii."

2 Aprili

Mashine inatembea. Mraba wa kwanza umetoka na kona tano.

3 Aprili

Kona nne!

5 Aprili

Tumeshindwa na mbao. Karatasi nyeusi inaungua, kitambaa cheusi kinaungua, lakini vibao vya Mjomba ni vyeupe kama maziwa, na mwale mwekundu unagonga juu yake unarudi ulikotoka. Nimekaa tangu asubuhi nikitukana kimyakimya. Nilitaka kukaza skrubu ya mkondo, niongeze nguvu.

Mjomba akanunua ugomvi. "Wewe mpwa, una haraka kama moto wa nyasi. Mbao haitaki kulazimishwa, inataka kushawishiwa." Akachovya tambara kwenye chai ya rangi iliyobaki kikombeni mwake, nzito, imelala, akafuta kibao mara kadhaa. Kikawa kahawia. Akakipaka vumbi la mkaa kwa kidole gumba. "Weka hicho. Na mwambie huyo mdudu wako atembee polepole. Arudie njia ileile. Mfereji hauchimbwi kwa jembe moja."

Nikaweka. Mstari ukazama, mweusi, safi. Baadaye akausugua uso kwa msasa laini, chai na mkaa vikaondoka, mbao ikarudi nyeupe na mstari ukabaki ndani yake.

"Nani kakufundisha mambo ya leza?" nikamuuliza.

"Mambo gani? Mtu wa shati jeusi akikaa juani anasikia joto, wa shati jeupe hasikii. Ulitoka shule kabla ya hapo?"

Fundi viatu alicheka mpaka akaangusha nyundo. Mimi nikacheka pia, kwa adabu.

Ukweli ambao nauandika kwa sababu Binamu yuko kazini: nilidhani Mjomba ni mzee mwenye mkono mbovu aliyebaki na ubishi. Leo nimeona kwamba mkono ulikuwa kitu kidogo katika vile alivyonavyo.

8 Aprili

Sasa herufi tuzitoe wapi? Tulipiga picha vibao vya zamani, vikatoka madoa, maana watoto wamevila. Binamu akachapa herufi za kompyuta. Mashine ikachora S moja nzuri, imenyooka, ina adabu.

Mjomba akaishika kwa mbali. "Hii S imevaa tai. Inaenda benki." Akaigeuza. "Mtoto aanzie wapi hapa? Herufi yangu ina kichwa na mkia. Pana anapoanzia, nyembamba anapomalizia. Hii haina mwanzo."

Binamu akampa karatasi na kalamu: "Basi chora mwenyewe, Baba. Ndogo, kiasi cha kibao." Akachora. Mkono ukacheza. Akarudia. Ukacheza zaidi. Akaiweka kalamu sambamba na ukingo wa meza, kwa uangalifu mkubwa, akatoka kwenda kusimama barazani akitazama mvua.

Binamu alizikusanya zile karatasi. Hakuzitupa. Alizikunja akaziweka mfukoni, na uso wake sikuuona kwa sababu alikuwa ameuinamisha.

11 Aprili

Haikunyesha.

12 Aprili

Haikunyesha tena. Dada Mkubwa kapiga simu anauliza hali ya barabara. Nimesema ni mbaya mno, daraja linaning'inia. Mjomba kaninyang'anya simu: "Barabara inakauka, mwanangu. Huyu usimsikilize, ana homa."

13 Aprili

Mwalimu alikuja. Shule inafunguliwa mapema Mei, na alisikia habari za mashine kutoka kwa fundi viatu, ambaye mdomo wake hauna soli.

Nilitaka aone kitu kikubwa. Herufi hatukuwa nazo, basi nikaweka ile S ya benki ili aone tu nguvu. Akasema, "Mbona inakwenda polepole hivi?" Maneno manne tu. Angekuwa kasema mwingine ningenyamaza, lakini Mwalimu alinifundisha zamani, na mara ya mwisho aliponisifu nilikuwa na miaka sita.

Nikasema, "Polepole? Ngoja." Nikachukua bisibisi nikaikaza ile skrubu ya mkondo. Kidogo. Mwale ukang'aa, moshi ukanenepa, Mwalimu akasema, "Lo!" Nikakaza tena kidogo kwa ajili ya ile lo.

Ikafifia. Sigara ya mtu aliyesahau.

Diodi ya tatu. Haikufa kwa kapasita wala kwa sweta. Imekufa kwa sifa zangu.

Mwalimu alipoondoka hakuna aliyenigombeza. Mjomba alisema tu, "Nilikwambia una haraka, nikadhani nazungumza habari za moto." Binamu aliifunga kufuli akaenda zake. Ningependa wanipige.

14 Aprili

Jua.

16 Aprili

Mvua imerudi, na mimi siandiki kwa mpangilio, kwa furaha.

Asubuhi nilimwomba Mjomba radhi. Nikamwambia kwamba imebaki diodi moja na sitaigusa mpaka nijue tunachora nini. Halafu, maana mdomo wangu hauna breki, nikaongeza: "Ila na wewe, Mjomba, S ni S. Mtoto ataanzia popote, atafika."

Alisimama. Sijamwona akisimama hivyo mwaka mzima. Akachukua kipande cha mkaa, akaenda kwenye ukuta wake, ule uliopakwa chokaa, akasema, "Njoo hapa, wewe uliyefika." Akachora S kwa mkono mzima, tangu begani, kuanzia juu ya kichwa chake mpaka magotini. "Hapa kichwa. Mtoto anaweka kidole hapa, panapomtosha. Anageuka, anapumzika kwenye tumbo. Anageuka tena, njia inambana, inambana, anajua kwamba anafika. Mkia. Umeona? Au nikuchoree na masikio?" Na kweli akachora sungura pembeni, mrefu kama mimi, masikio yakagonga dari.

Nilipiga picha kwa simu ili nimwonyeshe Binamu jinsi baba yake alivyokasirika. Hiyo tu ndiyo nia yangu, sitajitia ujanja. Ofisini kwake akaifungua kwenye kompyuta, akaanza kuipunguza ili itoshee kwenye ukurasa. Akaipunguza tena. Akaacha.

"Njoo uangalie."

"Nini?"

"Mtetemeko uko wapi?"

Nikainama. Ukutani ulikuwepo, mstari una mawimbi ukisogea karibu. Lakini herufi ya urefu wa mtu, ukiirudisha kuwa upana wa kiberiti, mawimbi yale yanapungua pamoja nayo mpaka jicho haliyaoni. Mkono unatetemeka kiasi kilekile uchore kikubwa uchore kidogo. Kwenye kibao, kutetemeka kule ni ajali. Kwenye ukuta, ni vumbi.

Kwenye skrini ilikaa S ya Mjomba, ile hasa, ya zamani, yenye kichwa na mkia.

Binamu alivua miwani yake ya kusomea akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwenye duka akamwuliza kama kuna msiba. Akasema, "Hapana, bosi. Baba kachora."

17 Aprili

Nimevunja mguu wa diodi ya nne.

Nilikuwa naibana kwenye kipande cha alumini kinachoipoza. Mguu mmoja ukajikunja. Nikaunyoosha, ukakatika, ukabaki ncha ndogo kama kidevu cha sisimizi. Nimefunika kopo. Sijamwambia mtu. Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua kama mjinga, kisha nikarudi nikawaambia wote.

18 Aprili

Tumeishona.

Mzee wa vyuma hana deki nyingine, nimekwenda asubuhi, nimelowa bure. Kwa hiyo ilikuwa ni hii au kuku.

Nilitoa uzi mmoja wa shaba ndani ya mota iliyokufa, mwembamba kama unywele, uwe mguu mpya. Nikaukwangua rangi. Kabla ya yote nikaizungushia diodi uzi mwingine, uguse miguu yake yote kwa pamoja, ili umeme wowote utakaopotea njia usipite ndani yake. Hilo nililijua. Nisilolijua ni namna ya kushika ncha ya lehemu juu ya kidevu cha sisimizi. Nilijaribu mara moja, nikakosa. Mara ya pili nikakosa. Ukigusa sana, joto linaiua. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kuliko wa Mjomba.

Yeye alivuta kigoda akakaa nyuma yangu. Hakunishika.

"Unaukaza," akasema. "Mkono hautulizwi kwa kukazwa. Uegemeze. Kiwiko mezani, kidole kidogo juu ya chuma. Mpe mkono pa kulala."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa toa pumzi. Usivute nyingine. Pale katikati, pumzi imetoka na nyingine haijaja, mkono unasahau kwamba una mwenyewe. Hapo hapo unagusa."

Binamu alishika kurunzi. Nilitoa pumzi. Nikagusa. Lehemu iliruka ikakaa, tone dogo, likang'aa.

"Nilifanya kazi katikati ya pumzi," akasema Mjomba, "tangu kabla mama yako hajaolewa."

Sikuwa na mzaha. Nilitafuta, haukuwepo. Nimekaa karibu na mtu huyu miaka yote nikidhani herufi zinatoka mkononi.

Nikauondoa ule uzi wa kinga, tukavaa miwani. Mkondo nimeuweka chini ya ule niliouzoea, na skrubu Binamu ameitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, isizunguke tena. Akafungua kufuli. Nikawasha.

Uzi wa moshi, wima.

Mjomba akavuta pua. "Mbao," akasema.

21 Aprili

A na B. Ukutani, ng'ombe wa NG' kachorwa na pembe ndefu mno, Mjomba kakataa kuzikata. Kasema ndivyo alivyo.

24 Aprili

Ukuta umejaa. Tumehamia sakafuni. Tumefagia, tumesogeza meza zote, Mjomba anatembea juu ya magoti amejifunga matambara, na mkaa anaufunga kwenye fimbo akitaka mstari mrefu. Mimi napanda ngazi napiga picha kutoka juu. Binamu anapunguza, anasafisha, analeta. Mashine inatembea polepole ndani ya boksi lake, inarudia njia ileile mpaka mfereji unakaa. Kisha mzee anafuta sakafu kwa maji, anaanza mnyama mwingine.

Fundi viatu anaingia kila saa kuchagua mnyama anayefanana na mimi. Leo kasema kenge. Mjomba akasema, "Kenge hana kelele hivyo."

27 Aprili

Mvua imepungua. Sikuiomba irudi. Sikupata nafasi.

1 Mei

Mwalimu kaja kuona vibao vilivyokwisha. Alifumba macho akaweka kidole kwenye S, akakiacha kiende. Kilipofika mkiani akafumbua macho. Hakusema lo. Aliuliza zimebaki herufi gani, na kama chekechea ya mtaa wa pili nayo inaweza kusubiri zamu yake. Mjomba kamwambia aulize karakana. Mwalimu akauliza, "Karakana ndiyo nani?" Mjomba akatuonyesha sisi wawili kwa kidevu, halafu, baada ya kufikiri, na mashine.

3 Mei

Jua limetoka tangu alfajiri na barabara imekauka mpaka inatoa vumbi.

Tulikuwa kwenye T. Tembo alichukua sakafu nzima, makalio yake yako chini ya meza yangu na mkonga unakwenda mpaka mlangoni. Mimi niko juu ya ngazi na simu. Mjomba yuko magotini, mkaa mkononi, anamalizia jicho, na mkono wake unatetemeka kama kawaida na hakuna anayeutazama.

Gari likasimama nje. Mlango ukafunguliwa. Dada Mkubwa akaingia na kanga begani na begi tupu mkononi, la kuwekea nguo za baba yake.

"Baba! Umeanguka?"

Mjomba hakuinua kichwa.

"Mwanangu, karibu. Lakini toka hapo uliposimama. Umemkanyaga tembo mkonga."

Dada Mkubwa akatazama chini, akatazama ukuta, akanitazama mimi juu ya ngazi, akamtazama mdogo wake mwenye miwani ya kijani. Akainua mguu mmoja. Kisha wa pili, hakujua auweke wapi.

"Baba, nimekuja kukuchukua. Tulikubaliana. Barabara ikikauka."

"Naona imekauka." Akapuliza vumbi la mkaa kwenye jicho la tembo. "Nimefika T tu. Ikiisha hii kuna U, V, W, Y, Z, kisha za mtaa wa pili. Shika hilo tambara hapo nyuma yako, nifutie alama ya mguu wako kwenye mkonga, taratibu, usiharibu mstari. Umekula njiani?"

Dada Mkubwa akaweka begi chini, nje ya mlango, akapiga magoti.